Tumepewa stoo na milioni 4 tutengeneze chumba cha utulivu chuoni, tuanzie wapi?

"Shikamoo injinia. Nasoma mwaka wa pili chuo kimoja hapa Moshi na niko serikali ya wanafunzi, wizara ya afya. Mwaka jana kipindi cha UE, mitihani ya mwisho wa semista, wenzetu kadhaa walichanganyikiwa na stresi, mmoja akarudishwa nyumbani kabisa, ndo tukaomba uongozi sehemu ya kupumzisha akili. Wametupa stoo ya zamani nyuma ya maktaba, kama mita 6 kwa 8, bati juu bila siling, upande mmoja jenereta na upande mwingine kafeteria. Hela tuliyonayo ni milioni 4. Wenzangu wanataka binibegi, akwariamu, tivii kubwa ya kuonyesha maporomoko ya maji na kuta za bluu, eti bluu inatuliza. Wengine wanasema tunaleta yoga na dini za kigeni, na mlezi mmoja amesema wazi hiyo itageuka gesti. Nimeshachoka kabla hatujaanza. Hivi chumba tu kinaweza kumsaidia mtu mwenye stresi kweli? Na kama kinaweza tuanze na nini?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa huyo mwenzenu aliyerudi nyumbani. Mimi ni msanifu majengo sio injinia, ila hapa Arusha hadi mafundi wangu wananiita injinia na nimeshazoea, twende tu.

Nikikusoma vizuri, kinachokuumiza kichwa sio binibegi. Unaogopa mtazimaliza hizo milioni 4, mtakata utepe, mtapiga picha na uongozi, halafu semista ijayo chumba kina kufuli, ndani kuna viti vibovu, na UE ikifika mtu mwingine anachanganyikiwa vilevile. Una haki ya kuogopa, vyumba vya namna hiyo nimeviona, na mara nyingi vinakufa kwa sababu waliovitengeneza walianza na orodha ya manunuzi wakati kelele, joto na ufunguo hakuna aliyeviuliza.

Chumba kinasaidia, ila kidogo kuliko mnavyoambiana na kwa njia tofauti. Mtu mwenye stresi mwili wake uko kwenye tahadhari, moyo unaenda mbio, anapumua juujuu, shingo imekaza, na ubongo unakagua kila mlango na kila sauti kutafuta hatari hata kama hatari yenyewe ni sapu, mtihani wa marudio, ya Takwimu. Huwezi kumwamuru mtu wa hivyo atulie, umeshawahi kuambiwa "tulia" ukatulia? Ila akikaa sehemu ambayo macho na masikio hayaokoti kitu cha kushtua, akaanza kupumua taratibu na hasa akarefusha kule kutoa pumzi, moyo unapunguza kasi, maana kila unapotoa pumzi mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi unautuliza moyo kidogo. Chumba hakimtulizi mtu moja kwa moja, kinaondoa vitu vinavyomzuia asitulie. Ukilielewa hilo, nusu ya manunuzi yenu utayafuta mwenyewe.

Kuna utafiti ambao sisi wasanifu tunapenda kuutaja. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo hospitali moja ya Pennsylvania, nusu yao dirisha lilitazama miti na nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache. Ni utafiti mdogo, tena wa wagonjwa, kwa hiyo usiende nao kwenye kikao kama msahafu, ila unakuonyesha kwamba mtu anachokitazama akiwa amekaa kimya sio pambo tu. Kwa upande mwingine chumba hakilipi ada, hakifuti sapu wala hakileti bumu, hela ya mkopo, iliyochelewa, na kama ndo vinavyowachanganya watu wenu basi hiyo ni kazi ya serikali ya wanafunzi kule kwenye vikao na sio ya fundi siling.

Haya, kelele. Kila mtu atakwambia jenereta ndo adui. Kwa mtu anayetafuta utulivu, kafeteria ni mbaya zaidi. Mngurumo hauna maana yoyote kwa hiyo ubongo ukishauzoea unauacha, lakini maneno ubongo hauwezi kuyaacha, ukisikia ukutani "dada nimelipia chipsi mayai mbona naletewa kavu" tayari umeshaanza kufuatilia hiyo kesi utake usitake. Ndo maana mtu analala fofofo kwenye basi la Dar injini ikinguruma na anakosa usingizi chumba ambacho wawili wananong'ona. Kwa hiyo ukuta wa kafeteria ndo wa kuuhudumia kwanza, pigeni plasta pande zote mbili, zibeni kila tundu la waya na bomba, na kama kuna dirisha linatazama huko lizibwe kwa tofali kabisa.

Jenereta ubaya wake ni mwingine. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu na inaua. Kama bomba lake liko karibu na dirisha au mlango wa hiyo stoo, msinunue hata mkeka mmoja mpaka uongozi uihamishe. Hapo sina njia ya mkato ya kukupa. Na ikihama mnapata faida ya pili, sehemu ya wazi kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, kwa hiyo kuitoa mita 5 kuipeleka mita 20 ni desibeli 12 hivi, na sikio linaona kama kelele imepungua zaidi ya nusu.

Na tafadhali msibandike trei za mayai ukutani!! Najua kuna mtu ameshalisema hilo kwenye grupu lenu, huwa hakosekani. Kuna kuzuia sauti isiingie na kuna kupunguza mwangwi wa sauti iliyopo ndani, ni mambo mawili tofauti. Kuzuia kunataka uzito na kuziba nyufa, ukuta mzito, mlango wa mbao nzito badala ya ule mwepesi wenye uwazi katikati, na mpira wa kuziba chini ya mlango, maana ufa wa chini ya mlango peke yake unapitisha maneno yote. Mwangwi ndo unapungua kwa vitu laini, pazia zito, mikeka, mito. Trei ya mayai haina uzito wa kuzuia, inanyonya kidogo sana, inashika moto haraka na inafuga mende. Mapazia mazito nendeni Memorial kwenye mitumba, chagueni yale ya kuvutia mkono chini, yana uzito mzuri na hayatawamaliza.

Halafu bati, na hapa ndo hela nyingi iende. Mvua ya masika ikishuka kwenye bati tupu humo ndani hamtaongea mtapungiana mikono, na mchana wa Februari bati linawapikia vichwa. Wekeni siling bodi, juu yake mlaze faibaglasi kama bajeti inaruhusu, na ile nafasi kati ya bati na siling ipitishe hewa kwenye miisho ya paa, mkiwa mmeweka wavu kuzuia popo. Bati likipakwa rangi nyeupe kwa juu linarudisha jua jingi. Ukiona fundi anakuletea mchoro wa huku kwetu usiuchukue kama ulivyo, Arusha tuko mita 1,400 hivi na Julai tunatafuta jua la kuota, Moshi mko chini, mita 800 na kitu, nyie mnapambana na joto.

Kitu kimoja kabla hamjagusa paa. Stoo za zamani wakati mwingine zina mabati au siling za asbesto, zile za kijivu zinazofanana na saruji iliyobanwa. Kama mnazo msitoboe, msivunje, msifagie vumbi lake, itisheni idara ya majengo ya chuo waje waangalie. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni linaleta magonjwa ikiwemo kansa miaka mingi baadaye, na fundi wa mtaani atalivunja kwa nyundo huku anaimba.

Dirisha. Hujaniambia stoo imekaaje, ila Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi, Juni linaegemea kaskazini na Desemba kusini, wakati kuta za mashariki na magharibi zinapigwa na jua la chini mwaka mzima. Kama kuna ukuta wa kaskazini uliobaki huru fungueni dirisha hapo, paa litokeze kama mita moja, na upande wa pili muwe na tundu lolote la kutoa hewa ili ipite. Tena kaskazini ndo kwenye mlima. Kibo inajifunika mawingu mchana, lakini asubuhi na jioni inaonekana, vyuo vingapi vina kitu hicho cha kutazama bure? Na kama mlima umezibwa na jengo pandeni hata migomba miwili mitatu mbele ya dirisha, majani yanayocheza na upepo yanatosha.

Kwa hiyo tivii hamna haja. Ukiniuliza kwa nini, subiri siku ya Simba na Yanga uone ni maporomoko gani yataonyeshwa humo. Akwariamu nayo inataka umeme wa pampu, inataka mtu wa kuisafisha, na likizo ndefu nani analisha? Samaki wakielea kichwa chini siku ya kufungua chuo hamtakuwa mmemtuliza mtu. Kidimbwi cha nje pia sishauri, maji yaliyosimama ni mbu.

Bluu sio dawa. Ushahidi wa rangi kumtuliza mtu ni dhaifu na watu wanatofautiana sana, mimi bluu ya kliniki inanikumbusha sindano. Kinachojalisha ni mng'ao, kwa hiyo rangi ya mafuta hapana, tumieni rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe iliyochanganywa na udongo kidogo au kijani iliyopauka, na taa ziwe za mwanga wa njano, kwenye boksi angalia kelvini 2700 au 3000, zile tyubu nyeupe waachieni maabara.

Soketi! Hii haifikiriwi kabisa. Mkiweka soketi sita ukutani mmefungua kituo cha kuchaji simu na leptopu, chumba kitajaa kesho yake na mtaripoti kwenye kikao kwamba kinatumika sana. Weka moja tu, juu karibu na siling, ya kufanyia usafi.

Binibegi sizipendi, nikwambie ukweli. Dada aliyevaa sketi hakai kwa raha mle mbele za watu, mwenye mgongo mbovu hainuki, na vile vipunje vya ndani vinasinyaa mpaka linabaki gunia. Tena zinakaa katikati ya chumba na mtu mwenye wasiwasi hakai katikati, we angalia kafeteria yenu, meza za ukutani zinajaa kwanza siku zote. Jay Appleton, mwanajiografia wa Uingereza, alieleza mwaka 1975 kwamba binadamu anavutiwa na sehemu inayomkinga huku yeye anaona mbele. Mwambieni seremala atengeneze benchi za kuzunguka ukuta, kiti sentimita 45 kutoka chini, na mgongo wa kuegemea uliolala kidogo, juu mkate godoro na kuvalisha kitambaa kinachofulika. Zulia la kudumu msiweke, linashika vumbi na wenye pumu watateseka, mikeka mnatoa nje mnakung'uta. Na msilazimishe watu kuvua viatu, mwanafunzi mwenye soksi iliyotoboka kidole hataingia, na hatakwambia sababu.

Mlezi aliyesema gesti usimchukie, amekusaidia kuchora. Mlango usiwe na komeo la ndani, na uwe na kioo kuanzia mita 1.4 hivi kwenda juu, mtu akipita karibu akasimama anaona kinachoendelea, ila aliyekaa kwenye benchi haonekani uso na kafeteria nzima. Mtu akisinzia muacheni, dakika ishirini za usingizi kwa mwanafunzi aliyekesha zinaweza kumsaidia kuliko semina yoyote ya stresi. Vitanda tu ndo msiweke.

Na huo mlango uwe upande wa maktaba, hili nakuomba ulipiganie hata kama ni kuhamisha fremu. Anayeelekea huko aonekane anaenda maktaba tu. Mkifungua upande wa kafeteria halafu mkaandika juu AFYA YA AKILI kwa herufi kubwa, wanaohitaji zaidi ndo hawatakanyaga, Moshi ni mji mdogo na chuo ni kidogo zaidi. Andikeni Chumba cha Kupumzikia, inatosha. Kama kuna ngazi mwekeni na mteremko, kila sentimita 1 ya kupanda ipate sentimita 12 za urefu, wenye viti vya magurudumu nao wana UE.

Hilo la dini liongeeni mapema na kwa heshima maana wanaouliza hawajakosea kuuliza. Mazoezi haya ya kutulia na kufuatilia pumzi asili yake ni Ubudha, hilo msilifiche. Ila mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha pale chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts programu ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu na stresi, aliyoitoa kwenye mazingira ya ibada, na ndo inayofuatwa sehemu nyingi. Kwenu chumbani msiweke sanamu, ubani wala miziki ya kihindi, pumzi haihitaji mapambo. Sala ya kimya kila mtu na yake, Mlutheri, Mkatoliki, Muislamu, ruksa. Maombi ya sauti na spika hapana, na hili liandikwe kwenye kanuni kabla kikundi chochote hakijaomba nafasi ya Jumatano jioni, maana wakishaingia kuwatoa ni ugomvi.

Ila kuna tahadhari ambayo watu hawaisemi. Kufumba macho na kukaa na mawazo yako hakumfai kila mtu. Aliyewahi kubakwa, kupigwa au kupata ajali mbaya anaweza kufumba macho akarudi palepale, na hali ikawa mbaya kuliko alivyoingia. Kwa hiyo karatasi ya maelekezo ukutani iseme macho wazi ni sawa, kutoka nje ni sawa, na kutembea ni sawa.

Hapo kwenye kutembea ndo nataka ufikirie tena hizo milioni 4. Ningekuwa mimi nisingezimalizia ndani. Siling, ukuta wa kafeteria, mlango na benchi zikishakaa vizuri, kinachobaki ningekipeleka nje, kibaraza chenye benchi ndefu chini ya mti mkubwa kama mnao, mringaringa au mwembe wowote, na njia ya kutembea inayozunguka na kurudi ilipoanzia ili mtu asilazimike kuamua aende wapi. Uzio mpande masale, yanashika haraka, hayali hela, na kwa Wachagga ni mmea wa kuombea msamaha na amani kwa hiyo hata wazee wa uongozi watalipenda wazo. Usitegemee tu kwamba masale yatazuia kelele, uzio mwembamba wa majani hauzuii sauti, unaficha kinachopiga kelele na hilo nalo lina nafuu yake. Na nikwambie, kama ikitokea jenereta haihamishiki au asbesto ipo, achaneni na stoo kabisa mkajenge banda la wazi nje, mtapata kitu bora zaidi japo mvua itawasumbua Aprili.

Sasa ufunguo. Kama utakaa kwa mlinzi mpaka mtu asaini kitabu, au ofisi inafunga saa 10 jioni, msijenge. Wanaozidiwa wanazidiwa saa 3 usiku wakitoka maktaba. Chumba kifuate masaa ya maktaba, kifunguliwe na aliyefungua maktaba, basi.

Na pawe na mtu. Ukutani karibu na mlango kuwe na namba ya mshauri wa wanafunzi na masaa anayopatikana, na yeye akubali kabla hamjaandika. Mwenzenu ambaye wiki mbili mfululizo hali vizuri, halali, haingii darasani, ameanza kugawa vitu vyake, au anasema bora asingekuwepo, huyo sio wa kupelekwa kwenye benchi akapumue. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo, kunampa nafasi ya kusema. Shirika la Afya Duniani linataja kujiua kama sababu ya tatu ya vifo kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kwa hiyo usidhani unatia chumvi. Akisema ndio usimwache peke yake, mwambieni mshauri au mlezi usiku huohuo, na mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC. Vilevile anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeongea bila kulala siku kadhaa, hospitali. Mwenzenu wa mwaka jana inawezekana alikuwa wa kundi hili, na hakuna siling ambayo ingemzuia kurudi nyumbani, kwa hiyo msijilaumu kwamba mmechelewa kupewa stoo.

Wiki hii fanya hivi, nenda mle ndani saa 7 mchana kafeteria ikiwa imejaa na jenereta inaunguruma, mlango ufungue, chukua na kipima joto hata cha kuazima maabara, kaa kama dakika ishirini uandike unachosikia na kinatokea ukuta upi. Kama kichwa kitaanza kuuma au utasikia kizunguzungu toka nje hapohapo, na jibu la jenereta mtakuwa mmeshalipata. Nitumie hizo nukuu, picha ya paa kwa ndani, na upande mlima ulipo. Uongozi wakishakujibu kuhusu ufunguo na jenereta ntakuchorea hayo mabenchi bure.